Nta haifuti mikwaruzo: kuosha na kulinda rangi ya gari jeusi ukanda wa pwani

Msomaji wa Kigamboni, Dar es Salaam, anauliza: "Nina Toyota nyeusi iliyotumika Japani, nimeitoa bandarini miezi minane iliyopita. Kila Jumapili naipeleka kuoshwa. Siku hizi ikiwa juani inaonyesha mikwaruzo ya duara duara kama utando wa buibui, na boneti ina madoa meupe ambayo sabuni haiyatoi. Fundi ananishauri nipige bafingi kila baada ya miezi mitatu na kupaka nta. Je, nta inafanya kazi kweli au ni hela ya bure? Na gari linaoshwaje hasa?"

Nta inafanya kazi, ila siyo kazi unayoisubiri. Haitaondoa ile mikwaruzo wala yale madoa. Itakusaidia rangi isishike uchafu kirahisi, maji yateleze, na kinyesi cha kunguru kikutane na nta kwanza kabla ya kukutana na rangi. Kuhusu bafingi ya kila miezi mitatu, yaani kung'arisha kwa mashine na dawa yenye chenga inayokwangua juu ya rangi, ikatae. Fundi atakayekupigia bafingi mara nne kwa mwaka anakulia rangi yako taratibu, hata kama kila mara gari linatoka linang'aa.

Sababu ni unene. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile isiyo na rangi inayotoa mng'ao na kuzuia jua. Vyote kwa pamoja katika gari la kiwandani huwa kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na magari ya Kijapani mara nyingi yako upande wa chini wa kiwango hicho. Karatasi moja ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa maikroni 100 hivi. Klia peke yake ni maikroni 35 hadi 50, yaani chini au karibu ya nusu ya karatasi hiyo. Bafingi nyepesi inakula maikroni moja au mbili. Ile nzito ya kampaundi ya chenga na pedi ya sufu inakula zaidi. Na gari lako huenda limepitia mnada huko Japani: usishangae kama liliwahi kung'arishwa huko kabla ya kupigwa picha. Klia ikishakuwa nyembamba sana, jua la Dar linaimaliza. Inaanza kufifia kwenye paa na boneti, inapauka, halafu inabanduka kama ngozi iliyoungua. Hapo hakuna nta wala bafingi. Ni kupiga rangi upya.

Sasa hiyo mikwaruzo imetoka wapi? Imetoka kwenye kuoshwa kwenyewe. Kwa kweli haiko duara. Ni mikwaruzo midogo iliyonyooka, imeelekea kila upande, na jua linaangaza ile tu iliyokaa kulizunguka, ndiyo maana jicho linaona utando. Kila mmoja ulichorwa na punje ya mchanga iliyokuwa imenasa kwenye sponji, dodoki au kitambaa, ikaburutwa juu ya klia. Rangi nyeusi haina mikwaruzo mingi kuliko nyeupe. Inaionyesha tu zaidi. Gari jeupe la jirani yako lina utando uleule, ila hauonekani.

Wahalifu wakubwa ni watatu. Wa kwanza ni sponji moja iliyoosha magari kumi tangu asubuhi, inayochovywa kwenye ndoo ileile iliyotumika kuosha rimu. Wa pili ni sabuni ya unga. Chenga zake zisipoyeyuka zinasaga rangi, na hata zikiyeyuka, sabuni hiyo ni kali kwa sababu imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo. Nta uliyopaka jana inaondoka nayo, na mpira wa milango unakauka. Sabuni ya maji ya vyombo nayo inadhoofisha nta, ingawa haikwaruzi. Wa tatu ni mlinzi mwema anayekufutia vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu. Nia yake nzuri, lakini kufuta vumbi kavu juu ya rangi ni sawa na kupiga msasa laini kila siku. Mshukuru, mpe chai yake, na umwombe ashughulike na vioo tu, tena kwa maji.

Vifaa vya kuosha vizuri si vingi. Tafuta ndoo mbili za lita 20, shampuu ya gari, glavu ya kuoshea ya maikrofaiba yenye manyoya marefu (manyoya yanaficha mchanga ndani, sponji bapa inauacha juu), glavu au brashi nyingine ya rimu peke yake, na taulo kubwa la maikrofaiba la kukaushia. Chini ya ndoo ya kusuuzia weka wavu wa plastiki ili mchanga ukizama usirudi juu. Usipoupata dukani, chujio la plastiki lililogeuzwa kifudifudi linatosha kabisa. Kipimo cha shampuu soma kwenye chupa, maana zinatofautiana sana: nyingine zinataka mililita 30 kwa lita 4 za maji, nyingine mililita hizohizo kwa lita 15. Kuzidisha hakusafishi zaidi, kunakuongezea kazi ya kusuuza.

Osha alfajiri au jioni, kivulini. Weka kiganja juu ya boneti. Ukishindwa kukiacha kwa sekunde tano, bati lina moto mno na shampuu itakauka kabla hujaisuuza. Anza na rimu na tairi, kwa maji yake na kifaa chake. Vumbi la breki lina chembe za chuma, hutaki zifike kwenye mlango. Kisha mwagia gari zima maji mengi kutoka paa kwenda chini, bila kugusa chochote. Hatua hii ndiyo inayookoa rangi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ukitumia mashine ya presha, weka nozeli ya kupanua maji (ya nyuzi 40), simama kama sentimita 30 kutoka kwenye bodi, na usilenge kingo za rangi iliyobanduka, stika wala mipira ya vioo. Kama huna mashine, kopo la kumwagilia bustani lenye matundu linafanya kazi nzuri ajabu.

Baada ya hapo chovya glavu kwenye ndoo ya shampuu, osha paa kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Uzito wa glavu yenyewe unatosha. Ukimaliza nusu ya paa, isuuze glavu kwenye ndoo ya maji matupu, ikwangue kwenye ule wavu, ikamue, ndipo uirudishe kwenye shampuu. Endelea hivyo: vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango. Sehemu ya chini ya milango, madigadi na bampa ya nyuma ziwe za mwisho kwa sababu ndizo zenye mchanga mwingi. Glavu ikianguka chini, usiendelee nayo hata kama inaonekana safi. Maji ya ndoo ya kusuuzia yakiwa kahawia, yamwage uweke mengine. Gari dogo linamalizika kwa lita 30 za kwenye ndoo na kama 40 za kumwagia.

Kwa mtu wa Kigamboni kuna la ziada. Chumvi ya bahari inavuta unyevu hewani, kwa hiyo pale ilipokaa bati halikauki vizuri hata siku ya jua. Haili rangi nzima. Inaingia kwenye vichubuko vya mawe, kwenye maungio, na hasa chini ya gari. Kila wiki elekeza maji ndani ya madigadi na chini ya vizingiti vya milango mpaka maji yatoke bila tope. Angalia pia vitundu vya kutolea maji kwenye kingo za chini za milango. Vikizibwa na udongo, mlango unakaa na maji ndani na kutu inaanza usikoiona. Ukiona kichubuko kilichofika kwenye bati, kisafishe na ukizibe kwa tone la rangi ya kurekebishia wiki hiyohiyo. Nta haizuii kutu iliyokwisha kuanza.

Kukausha ndiko kunakoleta habari ya yale madoa yako meupe. Ukitandaza taulo juu ya boneti na kulivuta taratibu kwa ncha mbili, maji yanatoka bila kusugua. Lakini gari likiachwa likauke lenyewe juani, maji yanapaa na madini yanabaki. Maji mengi ya visima Dar ni ya chumvi au magumu, na kila tone linaacha duara la chokaa. Kama kisima ndicho ulicho nacho, kitumie kwa rimu na mwagio wa kwanza, na uweke akiba ya lita 20 za maji ya bomba au ya mvua kwa mwagio wa mwisho.

Madoa yaliyokwisha kushika yapime kwa kidole. Ukihisi mkwaruzo, kitu kimekaa juu ya klia na kinaweza kutoka. Changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, lowesha kitambaa cha maikrofaiba, kilaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili, futa bila kukandamiza, kisha suuza kwa maji mengi. Bati liwe la baridi na siki isikauke. Rudia mara mbili au tatu badala ya kusugua kwa nguvu. Ukihisi ulaini lakini jicho bado linaona duara, basi madini yameshachimba klia, na hilo ni suala la bafingi.

Kwa hiyo bafingi unaihitaji, mara moja, ifanywe vizuri, na baada tu ya kubadilisha namna ya kuosha. Ukiifanya kabla, utando utarudi ndani ya wiki sita na utakuwa umetupa maikroni zako bure. Kabla ya kumkabidhi fundi gari, jua una rangi ya aina gani. Paka polishi kidogo kwa kitambaa cheupe mahali pa chini pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na weusi, gari lako halina klia. Rangi ni tabaka moja, au paneli hiyo imepigwa rangi upya ya aina hiyo. Nyeusi ya Toyota yenye namba 202 (namba iko kwenye kibati cha utambulisho, mara nyingi ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango) inajulikana kwa ulaini: inakwaruzika upesi, na inang'aa upesi pia. Fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi ni bora kuliko mwenye maneno mengi. Paneli ikisoma zaidi ya maikroni 200 huenda imepakwa upya, ikipita 500 huenda kuna pati (ile ya kujazia palipobonyea) chini yake. Ikisoma chini ya 80 mwambie aiache.

Mwombe atumie mashine inayozunguka huku inayumba, yenye pedi ya sponji, na polishi laini kwanza. Ile inayozunguka tu, ikiwa na pedi ya sufu mikononi mwa mwenye haraka, inachoma kingo na kuacha mawingu yanayoonekana juani siku ya tatu, baada ya mafuta ya kampaundi kuoshwa. Ndiyo maana gari lionekane juani, limefutwa kwa maji yaliyochanganywa na spiriti, kabla hujalipa. Mkwaruzo unaonasa ukucha ukipitisha juu yake usiufukuzie. Ni wa kina mno, na kuukata wote ni kufika kwenye rangi. Ufanye hafifu, uishi nao.

Kabla ya bafingi au nta, rangi inabidi iwe laini kwa mguso, si kwa macho tu. Ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa mkate na upitishe vidole juu ya boneti iliyooshwa: mfuko unakuza hisia, utasikia vichenga ambavyo mkono mtupu hauvigundui. Hivyo ni chembe za chuma, utomvu na lami. Lami iondoe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, subiri nusu dakika, futa, osha kwa shampuu. Petroli na thina hapana. Thina inaweza kuyeyusha rangi iliyopakwa gereji. Vichenga vilivyobaki vinatolewa na udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kama kipande cha mfinyanzi. Kata gramu 50, uutandaze kiganjani, lowesha bati kwa maji ya shampuu, uupitishe juu bila kukandamiza mpaka uteleze kimyakimya. Ukande na kuukunja kila baada ya paneli moja. Ukianguka chini, tupa. Hakuna cha kuusuuza. Mara moja kwa mwaka inatosha, mbili ukiegesha karibu na reli au kiwanda.

Sasa nta. Dukani utakuta chupa zimeandikwa polishi, nta, sealanti na "shaini", na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Polishi ina chenga na inakata. Nta haikati, inafunika. Zipo zinazochanganya vyote viwili. Hizo usizitumie kila mwezi, maana kila mara unakata. Na ile ya kung'arishia dashibodi na tairi haina kazi juu ya rangi.

Nta ya asili inayosifiwa ni ya karnauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Ni ngumu, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, na kwenye rangi nyeusi inatoa weusi wa kina ambao wapenzi wa magari wanaupenda. Udhaifu wake ni kwamba gari jeusi juani linachemka, na kwa jua letu nta hiyo hudumu wiki nne hadi nane tu. Sealanti, yaani kinga ya kutengenezwa kiwandani inayofanya kazi ya nta, haina mvuto uleule kwa macho lakini hudumu miezi mitatu au minne. Mimi kwa gari linalolala nje Kigamboni ningechagua sealanti bila kufikiri mara mbili. Karnauba ni ya mwenye gereji yenye paa.

Upakaji ni mwepesi, kosa linalorudiwa ni kupaka nyingi. Gari likiwa safi, kavu na la baridi, chukua nta ya kiasi cha punje ya harage kwenye sponji ya kupakia, sambaza nusu ya boneti mpaka ionekane kama ukungu uliopulizwa kwenye kioo. Kopo la gramu 200 likiisha kwa magari matano, unalisha kitambaa. Fanya paneli moja au mbili, subiri dakika tano hadi kumi, kisha pitisha kidole: kikiacha njia safi, isiyo na mafuta, futa kwa maikrofaiba safi, halafu geuza upande mkavu umalizie. Unyevu wa pwani unachelewesha kukauka. Fuata kidole, usifuate saa. Nta iliyopakwa nene au juani inagoma kufutika na inaacha mistari. Ikitokea, paka tena nyembamba juu yake, ile mpya inalainisha ya zamani, kisha futa mara moja. Epuka plastiki nyeusi isiyopakwa rangi kwenye bampa na vioo vya pembeni, kwani nta ikikauka humo inabaki nyeupe na haitoki kirahisi. Tabaka la pili linasaidia kufunika ulikoruka. Lipake baada ya saa kadhaa. La tatu na la nne ni mapenzi tu.

Kama kuna paneli iliyopigwa rangi gereji hivi karibuni, isubiri siku 30 hadi 60 kabla ya nta, kwa kuwa vimumunyisho bado vinatoka ndani ya rangi na nta inavifungia.

Utajua nta imekwisha kwa kutazama maji. Yakijikunja kuwa matone madogo ya mviringo na kuteleza, bado ipo. Yakitandaa na kukaa kama shuka, imeondoka. Kwa ukanda wetu, ukipaka mwishoni mwa Februari kabla ya masika na tena mwanzoni mwa Desemba kabla ya joto la kaskazi, umekamata vipindi viwili vibaya zaidi. Katikati hapo fuata matone.

Kuna dharura moja isiyongoja Jumapili: kinyesi cha kunguru, na cha popo kama unaegesha chini ya mwembe au mkungu. Kina tindikali, na joto la bati linailainisha klia kisha inajikunja kulizunguka doa ikipoa. Juani inaweza kuchukua saa chache tu. Lowesha karatasi laini au kitambaa, kilaze juu ya kinyesi kwa dakika tano kilainike, kisha kinyanyue badala ya kukisugua, maana ndani mna mbegu na mchanga. Utomvu wa mwembe nao ni wa kutoa siku hiyohiyo. Chupa ya maji na vitambaa viwili kwenye buti vitakufaa kuliko nta ya bei kubwa.

Umeniuliza pia, kwa mzunguko, kama uache kwenda kuoshewa. Si lazima. Nenda na glavu yako, shampuu yako na taulo lako, fika mapema kabla foleni haijaanza, na uombe mambo matatu: gari limwagiwe maji vizuri kwanza, unga usiguse bodi, na dizeli isipakwe popote. Dizeli inang'arisha kwa siku moja, inashika vumbi wiki nzima na inavimbisha mipira. Wanaofanya kazi hiyo wanalipwa kwa idadi ya magari, kwa hiyo ongeza kidogo juu ya bei na watakupa muda. Glavu na taulo zifue peke yake, kwa sabuni ya maji, bila kilainishi cha nguo kwa sababu kinaziba nyuzi, na uzianike kivulini.

Kuhusu kupaka seramiki, kimiminika kinachokauka juu ya rangi kikawa kigumu kama kioo, ambayo bila shaka fundi ataitaja baadaye: hudumu kuliko nta na inastahimili kemikali vizuri, lakini haizuii mikwaruzo ya kuosha vibaya. Ile "9H" wanayoitaja ni kipimo cha ugumu wa penseli, haihusiani na ugumu wa mawe. Glavu yenye mchanga itaichora kama inavyoichora klia, na kabla ya kuipaka lazima bafingi ipigwe, vinginevyo umeufungia utando wa buibui chini ya kioo. Osha kwa ndoo mbili kwa miezi mitatu kwanza, kisha litazame gari juani saa nne asubuhi. Usipoona mkwaruzo mpya, hapo bafingi ya mara moja itakulipa.